DAMU INAPOSHUHUDIA: FIGO, MWINUKO WA UFIPA NA WATOTO WA WEST NILE



Ukienda Sumbawanga mwezi wa Juni au Julai, usisahau kuchukua koti. Mji huo uko juu ya mwinuko wa Ufipa, mahali ambapo ardhi hufikia meta 1,800 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na asubuhi watu hutembea wamejifunga mablanketi. Ukielekea magharibi utateremka mpaka Ziwa Tanganyika. Ukielekea mashariki utateremka mpaka bonde la Ziwa Rukwa. Na maziwa yote mawili yako chini ya mwinuko huo kwa kadiri ya meta elfu moja. Wenyeji husimulia kwamba jina Sumbawanga kwa Kifipa lina maana ya kutupa uchawi, yaani mgeni anayeingia aache nje ya mji mambo yake ya ushirikina.

Nimeanza na jina hilo kwa sababu swali ninalotaka tulitazame leo linafanana kwa sura na maswali anayoulizwa mpiga ramli. Mtu amepatikana na saratani ya figo. Uvimbe ungali ndani ya figo yenyewe, au ndivyo inavyoonekana. Je, tone la damu yake linaweza kutuambia kama maradhi hayo yatasafiri mpaka kwenye mapafu na mifupa?

Sura ni moja lakini jambo si moja. Mpiga ramli hudai kuijua ghaibu, na ghaibu haimo mikononi mwa mwanadamu. Dalili ya damu haidai hivyo. Hiyo hushuhudia juu ya kitu ambacho kimekwisha kuwako mwilini, ila jicho halijakiona, kama vile moshi nyuma ya kilima hushuhudia juu ya moto. Ni shahidi. Na sisi tunajua kwamba kadhi mwadilifu hampokei shahidi kwa sababu tu amefungua kinywa. Kwanza huuliza huyu ni nani, ametoka wapi, na ameyajuaje anayoyasema. Basi na tumwulize shahidi huyu maswali hayohayo, kwa maana historia yake imepita karibu nasi sana kuliko wengi wanavyodhani.

FIGO NA HEWA YA MLIMANI

Watu wengi hudhani kazi ya figo ni kuchuja mkojo tu. Figo pia ni mlinzi wa damu. Mtu aishiye Sumbawanga, katika kila pumzi anapata oksijeni pungufu kwa kadiri ya fungu moja katika matano, ukimlinganisha na ndugu yake aliyeko Dar es Salaam. Figo huutambua upungufu huo, kisha hutoa homoni iitwayo erithropoetini, nayo huenda mpaka kwenye uboho wa mifupa na kuuamrisha utengeneze chembe nyekundu za damu kwa wingi zaidi. Ndiyo maana watu wa nyanda za juu, wakiwa na afya, huwa na damu nzito kidogo kuliko watu wa pwani.

Jinsi chembe za mwili zinavyotambua upungufu wa oksijeni ilikuwa fumbo kwa miaka mingi. Waliolifumbua ni William Kaelin na Gregg Semenza wa Marekani pamoja na Peter Ratcliffe wa Uingereza, nao walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2019. Kwa ufupi, hewa inapopungua chembe hupiga king'ora, na hewa ikirudi kuna jeni moja ambayo kazi yake ni kusaidia kukizima. Jeni hiyo iligunduliwa mwaka 1993 kwa kuchunguza jamaa ambazo saratani ya figo huwapata watu wake wengi. Katika aina ya saratani ya figo iliyo ya kawaida zaidi, jeni hiyo mara nyingi huwa imeharibika. King'ora hakizimiki tena. Chembe ya figo, hata ikiwa katika mtu aketiye ufukweni Bagamoyo, huishi kana kwamba iko kileleni mwa Kilimanjaro: yaita mishipa mipya ya damu ije kuinusuru, usiku na mchana, na mishipa ile ile ndiyo inayokuwa barabara ya kusafiria maradhi.

Huanza na mshipa mkubwa utokao kwenye figo. Damu yake huingia katika upande wa kulia wa moyo, na kutoka hapo hakuna njia nyingine ila kupitia mapafuni. Njia hii aliieleza tabibu Ibn an-Nafis, mzaliwa wa Sham aliyefanya kazi Cairo na kufariki huko mwaka 1288, karne nyingi kabla hapajakuwa na hadubini. Kwa hiyo hapana ajabu kwamba saratani ya figo inaposafiri, kituo chake cha kwanza mara nyingi huwa mapafu. Na mwaka 1869 huko Melbourne, Australia, daktari Thomas Ashworth alitazama damu ya mtu aliyekwisha kufa kwa saratani, akaona ndani yake chembe zinazofanana na zile za uvimbe. Tangu siku hiyo ilieleweka kwamba anayetaka kujua habari za msafiri amtafute njiani, nayo njia ni damu.

Hapa niseme neno moja juu ya mkojo wenye damu. Katika sehemu nyingi za nchi yetu, hasa pwani, Visiwani na kanda ya Ziwa Victoria, mtu akikojoa damu watu husema ni kichocho, na mara nyingi huwa kweli. Lakini mkojo wa damu ni dalili pia ya saratani ya figo, na mtu mzima aliyekunywa dawa ya kichocho na damu ikarudi hana udhuru wa kuendelea kungoja.

WATOTO WA WEST NILE

Sasa twende Uganda, kwa maana huko ndiko Afrika Mashariki ilikopata kuulizwa swali hili la damu kabla ya karibu nchi nyingine zote, ingawa saratani iliyohusika haikuwa ya figo.

Katika miaka ya 1950 palikuwako katika hospitali ya Mulago, Kampala, mpasuaji kutoka Ireland aliyeitwa Denis Burkitt. Alikuwa na jicho moja tu, maana la pili lilipotea utotoni. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, kisha akaona mwingine, na mwingine. Mwaka 1958 akaandika juu ya uvimbe huo. Kisha akafanya jambo ambalo wenye maabara kubwa hawakulifikiri. Mwezi wa Oktoba 1961, yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, waliingia katika gari kuukuu aina ya Ford wakasafiri kwa muda wa wiki 10, maili 10,000, kupitia Tanganyika mpaka Afrika ya Kusini na kurudi. Walizuru hospitali zaidi ya 50, na katika kila hospitali swali lao lilikuwa hilohilo: Je, mmewaona hapa watoto wa namna hii?

Majibu yalichora ramani, nayo ilihusu mwinuko. Karibu na ikweta, kupita futi 5,000, ugonjwa huo haukuonekana ila kwa nadra. Chini yake, penye joto na mvua, ulikuwako. Mtazame basi mtu wa Ufipa: akiwa juu Sumbawanga yuko nje ya mpaka huo, akiteremka bonde la Rukwa ameuingia. Mbu wa malaria nao hufuata mpaka unaokaribiana na huo. Baadaye wataalamu walifahamu kwamba malaria ya mara kwa mara huudhoofisha mwili wa mtoto usiweze kukitawala kirusi fulani. Kirusi chenyewe kilionekana mwaka 1964 jijini London, pale Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walipozitazama kwa hadubini ya elektroni chembe zilizokuzwa kutoka katika nyama ya uvimbe iliyoletwa kwa ndege kutoka Kampala.

Palibaki swali gumu. Kirusi hicho kimo karibu katika kila mtu duniani. Watoto wagonjwa walikuwa na kingamwili nyingi dhidi yake katika damu, hilo lilijulikana. Lakini je, kingamwili zilitangulia ugonjwa, au ugonjwa ulitangulia kingamwili? Ukimpima aliyekwisha ugua huwezi kujua, kama vile huwezi kujua nyumba ilikuwaje kabla ya moto kwa kutazama majivu.

Njia ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ndefu: kuchukua damu ya watoto wazima, kuihifadhi, na kungoja. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, chini ya uongozi wa Guy de Thé katika kazi hii, lilichagua wilaya ya West Nile, ambako Ted Williams na ndugu yake Peter walikuwa wameweka kumbukumbu nzuri za wagonjwa katika hospitali ya Kuluva karibu na Arua. Kuanzia mwaka 1972 mpaka 1974 watoto wapatao 42,000, wachanga mpaka wa miaka minane, walitolewa damu kidogo mmoja mmoja. Ukumbuke, msomaji, miaka hiyo ilikuwa ya utawala wa Idi Amin. Kazi iliendelea hata hivyo, kijiji kwa kijiji.

Mwaka 1978 matokeo yalitangazwa. Katika watoto wale 42,000, waliopata uvimbe na ambao damu yao ya kabla ya kuugua ilikuwa imehifadhiwa walikuwa 14. Hesabu ya watoto 14 ni ndogo, lakini ushahidi wao ulikuwa mzito: damu yao, ikiwa ingali damu ya mtoto anayecheza, ilikuwa na kingamwili nyingi kuliko ya watoto wenzao wa kijiji kimoja na umri mmoja. Mtoto aliyekuwa na kiasi cha juu sana alikuwa na hatari ipatayo mara 30 ya wengine.

Tusikivute kisa hiki kupita urefu wake. Watoto wengi waliokuwa na kingamwili nyingi hawakuugua kamwe. Mtu ambaye angemchukua mmoja wao na kumwambia mama yake kwamba mwanao atapata saratani, huyo angekuwa amerudi kwenye ramli. Dalili ya damu ilisema juu ya kundi. Juu ya mtoto mmoja ilisema tu kwamba atazamwe kwa uangalifu zaidi. Na nguvu yake yote ilitoka mahali pawili: damu ilichukuliwa kabla ya ugonjwa, na kila mtoto alilinganishwa na jirani yake, si na mtoto wa Lyon.

Majina ya watoto wale hayamo katika majarida. Wengi wao, walio hai, sasa wamepita miaka 50.

MIZANI YA NEW YORK NA DAMU YA MBEYA

Turudi kwenye figo. Mwaka 1999, Robert Motzer na wenzake katika hospitali moja kubwa ya saratani jijini New York walichambua habari za wagonjwa 670 ambao saratani yao ya figo ilikuwa imekwisha sambaa. Walitafuta ni mambo gani yaliyowatenganisha waliofariki upesi na walioishi zaidi, wakayapata matano. Mawili yalihusu hali ya mgonjwa na kama figo ilikuwa imeondolewa. Matatu yalikuwa ya damu: hemoglobini pungufu, kalsiamu iliyozidi, na kimeng'enya fulani kinachovuja kutoka katika chembe zinazokufa. Waliokosa alama zote mbaya, nusu yao waliishi miezi 20 au zaidi. Waliokuwa na alama tatu na kuendelea, nusu yao hawakufika miezi minne, au waliishia hapo. Mwaka 2009 Daniel Heng na wenzake wa Kanada na Marekani waliirekebisha mizani hiyo kwa dawa mpya, kwa kuchunguza wagonjwa 645. Waliongeza wingi wa chembe nyeupe ziitwazo nyutrofili na wingi wa vijichembe vinavyogandisha damu. Mpaka leo madaktari duniani kote huitumia.

Uzuri wake ni kwamba vipimo vyenyewe si vya ajabu. Kuhesabu chembe za damu ni kazi ya kawaida ya maabara ya hospitali, na kalsiamu nayo si kipimo cha anasa. Kalsiamu hupanda kwa sababu saratani inaila mifupa, au kwa sababu uvimbe unatoa kitu kinachoihadaa mifupa iachilie chokaa yake. Damu hupungua kwa sababu mwili mzima umo vitani.

Ila mizani hizi zilipima watu ambao ugonjwa umekwisha wafikia mapafu au mifupa. Kwa yule ambaye bado, wataalamu wanatafuta shahidi wa mapema zaidi. Anayetajwa sana siku hizi ni protini ambayo mirija ya figo huitoa inapojeruhiwa, iliyogunduliwa mwaka 1998. Mwaka 2018 watafiti walirudi kwenye damu iliyohifadhiwa ya watu wa Ulaya ambao walikuja kupata saratani ya figo baadaye, wakaona kwamba protini hiyo ilikuwa juu hata miaka kadhaa kabla ya ugonjwa kujulikana. Unaitambua njia hiyo? Ni ile ile ya West Nile. Tangu hapo imeonekana pia kwamba mgonjwa aliyeondolewa figo, na protini hiyo ikabaki juu katika damu yake, huwa katika hatari kubwa zaidi ya kurudiwa na maradhi.

Sasa mwite shahidi huyu aje Sumbawanga, kisha umwulize swali la kadhi: wewe umetoka wapi?

Mwaka 2008 zilitolewa hesabu za damu za watu wazima wenye afya kutoka Mbeya, jirani zetu wa Ufipa, na za wengine kutoka Kericho, Kenya. Watu hao hawakuwa wagonjwa. Lakini nyutrofili zao zilikuwa chache kuliko kiwango ambacho vitabu vya Marekani hukiita cha kawaida. Mwaka uliofuata sababu kubwa ilielezwa: ni badiliko moja la kurithi lililoenea sana kwa Waafrika, lile lile linalowakinga na aina moja ya malaria. Si ugonjwa wala si upungufu. Ni damu yetu ilivyo.

Fikiri basi. Mkulima wa Ufipa mwenye saratani ya figo, ambaye nyutrofili zake za siku zote ni chache, anaweza kuongezekewa mara mbili kwa sababu ya ugonjwa, na bado karatasi ikaandikwa kwamba yuko katika kiwango cha kawaida. Alama mbaya ameikosa. Ataambiwa hatari yake ni ndogo kuliko ilivyo. Mwenzake wa bonde la Rukwa, aliyeugua malaria mwezi uliopita na ana safura tumboni, hemoglobini yake iko chini kwa sababu zisizohusu saratani hata kidogo, naye ataandikiwa alama asiyostahili. Mwinuko nao una hila yake, kwa sababu huipandisha hemoglobini. Mtu wa Sumbawanga anaweza kuwa amepungukiwa na damu kwa kiwango chake mwenyewe, huku kwa kiwango cha pwani akionekana mzima. Na ile protini ya figo iliyojeruhiwa haijui kubagua kama aliyejeruhi ni saratani, malaria kali, au dawa alizokunywa mtu bila kipimo.

Niliwahi kumweleza mzee mmoja habari hizi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: kama ni hivyo, kuna faida gani ya kupima? Swali zuri, ila mimi sikubaliani nalo. Mizani ikiwa na kasoro haitupwi; hupimwa kwanza kwa jiwe la uzito unaojulikana. Daktari anayejua kwamba mgonjwa wake anatoka bondeni atatibu malaria na safura, kisha atapima hemoglobini tena kabla ya kuhesabu alama. Anayejua kiwango cha Mbeya hatatumia cha New York peke yake. Na dawa zinazotolewa kwa kufuata alama hizo ni kali na ni za gharama kubwa. Kumwandikia mtu asiyezihitaji ni kumdhulumu, na kumnyima anayezihitaji ni kumdhulumu zaidi.

Kuna jiwe la uzito moja ambalo halihitaji mtafiti kutoka nje, nalo ni damu ya mtu mwenyewe alipokuwa mzima. Wajawazito hupimwa damu. Wanaochangia damu hupimwa. Anayelazwa kwa malaria hupimwa. Karatasi hizo wengi wetu huzitumia kuwashia moto. Lakini mgonjwa anayeondoka Sumbawanga kwa basi kupitia Tunduma kwenda hospitali ya rufaa Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 300, au anayeendelea mpaka Ocean Road, Dar es Salaam, akiwa na karatasi ya miaka mitatu iliyopita yenye hesabu za chembe zake za damu, amembebea daktari kitu ambacho kule West Nile kiligharimu sindano 42,000 kukipata. Aipeleke. Na akiulizwa anakaa wapi asijibu Rukwa tu. Aseme kama ni juu mlimani au chini bondeni, ameishi huko miaka mingapi, na mara ya mwisho kuugua malaria ilikuwa lini.